Ulanguzi wa Binadamu Mitandaoni: Utafiti Uliolipiwa na Serikali Haujafika Burma

Tangazo la kazi linaloishia kumtia Mkenya utumwani halina sura ya uovu. Linataja kazi inayoeleweka na kila mtu: kuhudumu hotelini Dubai, kutunza nyumba Riyadh, kujibu wateja kwa kompyuta Bangkok. Mshahara unashinda mara kadhaa pato la kibarua wa Nairobi. Tiketi na viza ni juu ya mwajiri. Nafasi zimebaki chache, na chini kabisa pana nambari ya WhatsApp. Kijana wa Kaloleni au Makongeni analiona kwenye TikTok akiwa Soko la Burma, Jogoo Road, Nairobi, akingoja nyama aliyoagiza iive, na kabla ugali haujaletwa ameshamtumia binamu yake na kikundi cha vijana wa mtaa. Yeye alilipata kwa mtu asiyemjua. Binamu amelipata kwa mtu anayemwamini, na tangu hapo tangazo lina uzito mwingine kabisa.

Je, mitandao ya kijamii inachangia vipi ulanguzi wa binadamu? Serikali nyingi zimetoa fedha ili swali hilo lijibiwe: Marekani, mataifa ya Ulaya, na wanachama wa Umoja wa Mataifa kupitia mashirika yake. Kazi iliyofanyika ni ya maana na inafaa kuheshimiwa. Hata hivyo, ina pengo mahali panapomhusu zaidi mkazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi: zile wiki kati ya kuliona tangazo na kupanda ndege, wakati ambapo mtu bado anaweza kuokolewa kwa neno moja la kweli. Pengo hilo halitazibwa na fedha za ugenini. Kenya inapaswa kulilipia yenyewe, na kuanzia mitaani.

Kilichokwisha kujulikana

Msingi wa kisheria wa mjadala huu ni Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005. Itifaki hiyo inataka mambo matatu yaonekane kwa pamoja ndipo kosa liitwe ulanguzi: kitendo, kama kumwandikisha mtu kazi, kumsafirisha au kumpokea; njia, kama nguvu, hadaa au kutumia shida zake vibaya; na lengo, ambalo ni kumnyonya. Mhasiriwa akiwa mtoto, si lazima njia ithibitishwe. Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2012, imefuata mkondo huo. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyo inamgusa pia anayechapisha matangazo ya kuendeleza ulanguzi na anayeendesha wakala wa ajira kwa nia hiyo. Tangazo la hadaa simuni, basi, haliko nje ya mkono wa sheria. Kinachohitajika ni kufahamu linavyofanya kazi.

Marekani ilitangulia kuuliza. Mwaka 2011 Mark Latonero na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha ripoti kuhusu nafasi ya mitandao ya kijamii na tovuti za matangazo madogomadogo katika ulanguzi. Mwaka 2014 DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi, lilianzisha mradi wa Memex, ambao zana zake zilitumiwa kuchambua maelfu ya matangazo ya ngono na kuunganisha nambari za simu, picha na miji ili polisi waone mitandao ya walanguzi. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzibana tovuti zinazowezesha biashara hiyo, na tovuti ya matangazo ya Backpage ikafungwa. Utafiti huo ulijibu swali la Wamarekani: nani anauzwa katika miji yetu, na kupitia tovuti gani?

Kwa nchi ambayo watu wake ndio wanaosafirishwa, jambo lililosaidia zaidi lilitoka Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu. Katika ripoti yake ya dunia ya mwaka 2020, ofisi hiyo ilichambua kesi zilizokwisha kuamuliwa mahakamani na kutambua mbinu mbili za walanguzi mtandaoni. Ya kwanza ni kuwinda: mlanguzi humchagua mtu fulani, akasoma anachoandika, akajua ameachwa, amefukuzwa kazi au amefiwa, kisha akamwingilia kwa upole. Ya pili ni kuvua: huweka tangazo na kungoja wajao. Watoto na wasichana huwindwa zaidi kwa ajili ya ngono; wanaotafuta kazi huvuliwa.

Mwaka huohuo INTERPOL, chini ya mradi wa ENACT unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ilitoa uchambuzi kuhusu uhalifu wa kupangwa wa Kiafrika mtandaoni. Mwaka 2022 Baraza la Ulaya lilichapisha utafiti wa Paolo Campana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ulioeleza vikwazo vya polisi: mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, wingi wa data usiosomeka, upungufu wa vifaa, na teknolojia inayobadilika kabla wachunguzi hawajaizoea.

Ukiziweka kazi hizi pamoja, picha inayojitokeza ni moja. Mtandao hauumbi ulanguzi. Umaskini, ukosefu wa kazi na mifumo ya ajira kama kafala ya Ghuba, inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, ndiyo inayouzaa. Mtandao humpunguzia mlanguzi gharama katika hatua nne: kumpata mtu, kumwaminisha, kumwongoza safarini kwa ujumbe bila kuonana naye, na kumdhibiti akishafika, kwa kumnyang'anya simu au kumtishia kusambaza picha zake. Zamani wakala alihitaji ofisi, mwenyeji na nauli ya kuzunguka mashambani. Leo anahitaji simu na bando.

Njia tatu kutoka Nairobi

Njia iliyozoeleka ni ya Ghuba. Mwishoni mwa 2019 uchunguzi wa BBC Arabic ulionyesha wafanyakazi wa nyumbani wakiuzwa Kuwait kwa programu za simu na kwenye Instagram, wakipangwa kwa rangi na taifa. Mwaka 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha nyaraka za ndani za Facebook. Zilionyesha kwamba kampuni ilijua jukwaa lake linatumiwa kuwauza wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba ilichukua hatua kali baada ya Apple kutishia, mwaka 2019, kuiondoa programu yake dukani. Miongoni mwa visa vilivyosimuliwa kilikuwamo cha Mkenya aliyevutwa na tangazo la Facebook kwenda Saudia, kisha akalilia hali yake kwenye mtandao huohuo hadi akapata msaada. Wakati huo Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imewaambia wabunge kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, walifariki Saudia katika miaka ya 2020 na 2021. Hatuwezi kudai kwamba kila mmoja wao alilanguliwa. Tunaweza kudai kwamba familia 89 zilistahili kujua jamaa yao aliandikishwa na nani, kwa ahadi gani.

Njia ya pili imeelekea Asia. Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya vijana kuhusu kazi za uongo Thailand, na shirika la kupambana na ulanguzi la HAART Kenya limekuwa likisaidia walionaswa. Anayeshawishika hutua Bangkok, huendeshwa hadi mpakani, huvushwa mto hadi Myawaddy nchini Myanmar, na hujikuta ndani ya kambi yenye walinzi. Huko hulazimishwa kuwatapeli watu wa Marekani na Ulaya kwa akaunti bandia za mapenzi na uwekezaji. Wanaotakiwa hapa ni wenye shahada, Kiingereza kizuri na wepesi wa kuchapa. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na 100,000 Kambodia walikuwa wakifanyishwa kazi hiyo kwa nguvu. Mapema mwaka 2025, msako ulipofungua kambi za Myawaddy, maelfu walitoka, Wakenya wakiwemo. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa nchi hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Burma, mwaka 1944 katika vita vya Waingereza na Wajapani, na jina la soko letu la Jogoo Road limebaki ukumbusho. Vizazi viwili au vitatu baadaye, wajukuu wa mitaa hii wamefika huko kwa tiketi waliyotumiwa kwa WhatsApp.

Njia ya tatu ni ya Urusi. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilieleza jinsi wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini na kwingineko walivyoandikishwa kwa kampeni ya mitandaoni iliyoahidi kazi na masomo, wakaishia kuunda droni za kivita katika eneo la Alabuga, Tatarstan. Mwaka 2025 ikawa zamu ya wavulana. Septemba, maafisa wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) waliwaokoa zaidi ya vijana 20 Athi River waliokuwa wakiandaliwa kwenda Urusi, wengine wakiamini wanakwenda kwa kazi za kawaida.

Katika njia zote tatu mhasiriwa hakukokotwa. Aliaga nyumbani, akaombewa, akasindikizwa hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Hadaa ilikuwa imekamilika kabla hajafika huko.

Mahali utafiti usipoona

Mtafiti huona kinachoachwa wazi. Anaweza kukusanya matangazo ya hadharani na kuhesabu maneno yake. Lakini Nairobi tangazo la hadharani ni mlango tu. Mazungumzo yenyewe yako WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti, kwa Sheng, Kikamba, Kiluhya au Kijaluo. Humo ndimo jirani anapoandika kwamba dada yake yuko Doha na wakala wake ni mtu mzuri. Humo ndimo picha ya viza ya mtu mwingine inapotumwa kama ushahidi. Vikundi hivi viliundwa kwa ajili ya chama, kwaya, mazishi au timu ya mpira, na watu waliomo wanajuana kwa miaka. Mlanguzi hahitaji kuaminika yeye mwenyewe akipata mwanachama mmoja wa kumbebea ujumbe, na mara nyingi mbebaji huyo hajui anachobeba.

Hata kile kilicho wazi kinazidi kufungwa. Mwanzoni mwa 2023 Twitter iliondoa njia ya bure ambayo watafiti walitumia kupata data. Agosti 2024 Meta, kampuni mama ya Facebook, ilifunga CrowdTangle, zana iliyowawezesha waandishi na watafiti kufuatilia kurasa za Facebook na Instagram. Umoja wa Ulaya umetunga sheria inayoyalazimisha majukwaa makubwa kuwapa watafiti data. Kenya haina nguvu hiyo, ingawa ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliitaja kuwa kinara wa matumizi ya TikTok miongoni mwa nchi ilizochunguza, asilimia 54 ya waliohojiwa wakiitumia. Kwa maneno mengine, mahali mtandao unapotumiwa sana ndipo haki ya kuuchunguza ni ndogo.

Kuna pia suala la nani anayasoma matangazo ya Kiswahili ndani ya kampuni zenyewe. Kwa miaka kadhaa maudhui ya Facebook ya ukanda huu yalichujwa Nairobi na wafanyakazi wa Sama, mwanakandarasi wa Meta. Mwaka 2022 Daniel Motaung, Mwafrika Kusini aliyekuwa miongoni mwao, alizishtaki kampuni hizo mbili Nairobi, akidai kwamba yeye na wenzake waliajiriwa kwa maelezo ya uongo kuhusu kazi yenyewe, hali aliyoiita ulanguzi na kazi ya kulazimishwa. Mahakama ya Ajira iliamua Februari 2023 kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono mwaka 2024. Kesi hiyo ina swali ambalo tafiti za ulanguzi hazikulipa uzito: wanaopewa jukumu la kuondoa matangazo ya hadaa wana hali gani ya kazi, na wanaielewa Sheng ya Eastlands kiasi gani?

Ugumu wa mwisho unahusu serikali yetu. Mwaka 2014 ilifuta leseni za mawakala wa ajira za nje na kuzuia safari za kazi Mashariki ya Kati, kisha ikalegeza baadaye. Hamu ya kazi haikufutwa pamoja na leseni. Watu waliendelea kutafuta njia, wakiwa mbali zaidi na macho ya sheria. Sasa upepo umegeuka, na serikali yenyewe inatangaza ajira za ng'ambo mitandaoni chini ya mpango wa Kazi Majuu. Mama anayeuza matumbo Burma anaona tangazo la waziri na tangazo la tapeli kwenye kioo kimoja cha simu, yote yakiwa na nembo ya taifa, yote yakiahidi kazi ileile. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni kwenye tovuti yake, na ni orodha ya msaada. Lakini tapeli huazima jina la kampuni iliyomo kwenye orodha na kubadilisha nambari ya simu tu. Anayehakiki jina pekee atasema wakala ni halali, na atakuwa amekosea kwa kufuata ushauri aliopewa.

Anayelipa ndiye anayeuliza

Mfadhili ana haki ya kuuliza analotaka kujua. Washington ilitaka kujua kuhusu ngono inayouzwa mijini mwake. Brussels inataka kujua kuhusu makundi ya wahalifu na mipaka yake. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni sisi kuyategemea majibu ya maswali ya wengine. Mwaka 2025 ulituonyesha hatari yake: msaada wa Marekani ulisimamishwa Januari, miradi ya Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ya kupambana na kazi za kulazimishwa duniani ikakatizwa Machi, na USAID ikafungwa Julai. Utafiti unaoishi kwa hisani ya bunge la nchi nyingine hufa siku bunge hilo linapobadilisha nia.

Kenya haikosi vyombo. Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na ulanguzi wa binadamu ni miongoni mwa mambo kilichoyatafiti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, lengo ambalo bajeti zetu hazijalikaribia. Sheria ya ulanguzi yenyewe ina mfuko wa kuwasaidia wahasiriwa. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba uhai wa kijana wa Shauri Moyo ni jambo la kutafitiwa kwa kodi yake mwenyewe.

Utafiti huo hauhitaji mitambo ya DARPA. Mtu anayekwenda kufanya kazi nje kwa utaratibu wa kawaida hukutana na serikali mara kadhaa kabla ya kuondoka. Huchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya cheti cha polisi, pengine katika Huduma Centre ya Makadara. Huomba pasipoti Nyayo House au kwenye ofisi nyingine ya uhamiaji. Hupita kwa afisa wa uhamiaji uwanja wa ndege. Kila dirisha linathibitisha yeye ni nani. Karatasi fupi ya hiari, isiyo na jina, ingeweza kuuliza mambo matatu tu: habari za kazi hii zilikufikia kupitia jukwaa gani, nani alikutumia, na umelipa nani kiasi gani kwa M-Pesa. Kwa mwaka mmoja tungejua mengi zaidi kuhusu njia za matangazo kuliko ripoti nyingi za kigeni zilivyoweza kutuambia.

Sehemu ya pili ya kazi ifanyike sokoni. Burma hukutanisha wachinjaji, wachoma nyama, wachukuzi wa mikokoteni, akina mama wa vibanda na wateja kutoka Kaloleni, Mbotela, Bahati, Makongeni na Maringo. Watafiti wawe vijana wa mitaa hiyo, wanaojua lugha yake na kujua mzee yupi wa soko asalimiwe kwanza. Wawaulize waliorudi kutoka Saudia, Myanmar na Urusi, na wawaulize pia waliokaribia kwenda wakaghairi. Hawa wa mwisho ndio hazina iliyosahaulika. Tafiti nyingi huanza na mhasiriwa aliyekwisha kuumia, kwa kuwa ndiye anayeonekana kwenye kesi na makao ya kuwahifadhi. Aliyeghairi ndiye anayejua kilichomshtua: swali alilouliza shangazi, nambari ya simu ambayo haikupokewa mchana, viza ya utalii mahali pa viza ya kazi. Tukijua kilichowafanya wengine wasimame, tutajua cha kuwaambia walio njiani.

Matokeo yasiishie hotelini kwenye mkutano wa wadau. Yasomwe kwa Kiswahili katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, yageuzwe video fupi za TikTok na ujumbe wa sauti unaoweza kupita katika vikundi vilevile ambavyo tangazo la hadaa limepitia. Onyo likija kwa sauti ya binamu lina nafasi ya kushindana na ahadi iliyokuja kwa sauti ya binamu.

Kuna tahadhari isiyofaa kurukwa. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Muswada wa Fedha na utekaji wa vijana uliofuata, watu wengi wana sababu ya kuogopa serikali inayotaka kuchungulia simu zao. Marekebisho ya sheria ya uhalifu wa kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yalipingwa mahakamani mara moja kwa hofu hiyo. Ulanguzi usitumiwe kama kisingizio cha kuwafuatilia wakosoaji. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ipo. Utafiti huu uifuate neno kwa neno, ufanywe na vyuo vikuu na mashirika yanayoaminika, na polisi wasipewe majina ya waliohojiwa. Mtafiti anayeogopwa huambiwa uongo, na sera iliyojengwa juu ya uongo haimwokoi mtu.

Na simu yenyewe isihukumiwe upande mmoja. Wanawake waliofungiwa majumbani Ghuba wamejirekodi wakilia, jamaa na wanaharakati wakasambaza, balozi zikalazimika kujibu. Anayependekeza kufunga mitandao au kuwazuia vijana kusafiri anafunga pia dirisha hilo. Wanaoondoka Eastlands hawakosei kutaka maisha bora, na wengi waliokwenda kwa njia ya haki wamejenga nyumba na kusomesha ndugu.

Wajibu wa serikali, basi, unaweza kutajwa kwa uwazi. Bunge litenge fedha za utafiti huu kila mwaka kupitia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, badala ya kungoja mfadhili. Mamlaka ya Ajira ichapishe nambari rasmi za simu za kila wakala mwenye leseni, na imwezeshe mtu kuhakiki kwa ujumbe mfupi usiohitaji bando. Majukwaa yanayopata faida kwa matangazo yanayowalenga Wakenya yalazimishwe kisheria kuhifadhi matangazo yote ya kazi za nje na kuwafungulia watafiti wa Kenya. Na kila senti ya umma itakayotumika ipimwe kwa kigezo kimoja: je, mtu aliyeketi Burma na simu mkononi amepata, kwa lugha yake, kabla hajatuma pesa, jambo la kumwezesha kuamua? Kama jibu ni hapana, utafiti huo haujamaliza kazi uliyolipiwa.